Kibanio Namba Tisa

Jarida la shule limeandika kwamba marehemu "alikuwa mtu mrefu wa maono." Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Kwanza, marehemu hakuwa mrefu wa kitu chochote. Akivaa viatu vyake vya Jumatatu alinifika kwapani, na wakati huo mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Pili, maono gani ya mtu aliyevunja miwani kila muhula na kuifunga kwa plasta ya jeraha? Jarida limeongeza kwamba "alizaliwa na mpira mikononi." Najua aliyeandika ni binti wa kidato cha tatu na amefundishwa kuwasifu wafu, kwa hiyo simlaumu. Lakini yule mzee alikabidhiwa mpira wa kikapu kwa sababu alichelewa kikao.

Ilikuwa hivi. Alikuja kwenye sekondari yetu ya wasichana kufundisha hisabati. Siku ya walimu kugawana kazi za ziada, baiskeli yake ikapata pancha, akafika wenzake wameshachukua vinono vyote: kwaya, bustani, mdahalo, hata skauti. Kilichobaki ni mpira wa kikapu. Hakuna aliyeutaka, maana uwanja ulikuwa nyuma ya vyoo na ulikuwa umeinama. Ukiuachia mpira katikati, unajiendea wenyewe taratibu mpaka mlango wa choo cha tatu. Inasemekana mwalimu mpya aliuliza swali moja tu.

"Wanacheza wangapi?"

"Watano kila upande."

"Namba ndogo hiyo. Nitaweza."

Akakaa kwenye kazi hiyo miaka thelathini na moja.

Hakuwahi kucheza. Alijifunza kutoka kwenye kijitabu cha sheria alichokiazima na hakukirudisha, akakisoma kwa penseli kama anasahihisha mtihani. Alirusha mpira mbele yetu mara moja tu, mwaka wangu wa kwanza. Ukapita juu ya ubao, ukapita juu ya ukuta, ukatua jikoni kwa matroni na kumwagia mtu chai. Mwalimu akajifuta chaki mikononi, akatugeukia bila aibu hata chembe.

"Mmeyaona makosa yote kwa pamoja," akasema. "Msiyarudie."

Alichojua ni pembe. Alichora nyuzi sakafuni kwa chaki, akatusimamisha juu yake, akatuambia mpira hauna macho wala roho, una pembe tu, na pembe haijui baba yako ni nani. Kwenye ulinzi alitaka tukunje magoti mpaka mapaja yalie. Wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mtaka cha uvunguni sharti ainame!" Mimi nilikuwa siinami. Nilikuwa mrefu kupita wote na nilikuwa natupia kutoka popote. Niiname nikatafute nini?

Tatizo lake kubwa lilikuwa majina. Kichwa chake kilikuwa kimejaa hisabati, pa kuweka watu hapakuwepo. Wote tulikuwa "wewe binti" au "wewe mrefu," na kwenye timu ya kikapu "wewe mrefu" ni kundi, si mtu. Mechi yake ya kwanza aliingiza wachezaji sita, refa akasimamisha mchezo. Ya pili akamwingiza msichana ambaye alikuwa ameshatolewa kwa faulo tano. Kila jioni alikuwa anarudi nyumbani kulalamika, mpaka mkewe, fundi cherehani, akachoka kusikia. Akaenda kwenye kamba ya nguo, akachomoa vibanio kumi na viwili vya mbao, akaviandika namba kwa wino, akambana navyo kifuani.

"Wa kushoto wako benchi," akamwambia. "Wa kulia wako uwanjani. Wa kwenye mkanda wametolewa kwa faulo. Sasa kula, chakula kinapoa."

Tangu siku hiyo hakuenda kwenye mechi bila vibanio. Akimtoa mtu anahamisha kibanio, akimwingiza anahamisha kibanio. Timu ngeni zilikuwa zinakufa kwa kicheko. Mashabiki wao waliimba, "Mwanikeni! Mwanikeni akauke!" Sisi wenyewe tulimwita Mwalimu Vibanio, nyuma ya mgongo wake kwanza, kisha mbele yake, kisha hata mkuu wa shule akawa anamwita hivyo kwenye vikao vya wazazi. Yeye hakujali. Hatukuwahi tena kuingiza watu sita.

Lazima niseme na hili, nisije nikaonekana nimekuja kumwanika na mimi. Mama yangu hakutaka nicheze. Alikuwa mpokea simu wa hospitali, mtu wa kukaa, na aliamini kurukaruka kutanizidishia urefu na nitakosa mume. Mwalimu akaja nyumbani Jumapili, akakaa kwenye kochi letu miguu haigusi sakafu. Akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, urefu ameshaupata," akasema. "Huo haurudi dukani. Tunachotafuta sasa ni kazi ya kuufanyia."

Mama akacheka, na ukishacheka umeshashindwa. Alikwenda hivyo kwenye nyumba nyingi. Kuna waliokuwa wanatembea wamejikunja mabega kwa aibu ya kuwa warefu, akawanyoosha. Leo mmoja anaendesha lori la mafuta, mwingine ni daktari wa macho, na mimi ndiye fundi umeme pekee katika mji huu asiyehitaji ngazi. Nilimpenda yule mzee. Kwa miaka ishirini na mitatu pia nilimchukia, na sasa nieleze kwa nini.

Mwaka wake wa ishirini tulifika fainali ya mkoa. Shule yetu haikuwahi kufika hata robo. Mimi nilikuwa nimefunga karibu nusu ya pointi zote za msimu, na kichwa kilikuwa kimevimba hata fulana ilikuwa inapita kwa taabu. Mwalimu alinitumia kama pilipili: sianzi mchezo, naingizwa robo ya pili wapinzani wakiwa wameshachoka, nawamaliza. Siku moja kabla ya fainali, mazoezini, akanipigia kelele mara ya mia kwamba sikunji magoti. Nikaudundisha mpira mara moja, nikaushika.

"Bila mimi, Mwalimu," nikasema, "hawa ni kwaya."

Nahodha wetu, msichana mpole wa namba nne, aliangalia viatu vyake. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapiga filimbi, tukaendelea.

Kesho yake tukacheza fainali. Robo ya kwanza nilikaa benchi, kama kawaida. Ya pili ikaanza, nikavua koti la mazoezi, nikafunga kamba za viatu. Akaingia namba kumi. Nikasubiri. Akaingia namba sita. Nikavaa koti tena kwa ishara kubwa, ili kila mtu aone. Mapumziko alizungumza na wote kuhusu pembe, hakunitazama hata mara moja. Ndipo nikaelewa: ananiadhibu. Basi na mimi nikanuna. Nilinuna kwa ufundi, mikono kifuani, kidevu juu. Nikajisemea sitamwomba mtu. Atakuja mwenyewe kunipigia magoti, na magoti si ndiyo anayoyapenda? Wenzangu walinitupia macho, lakini nani angethubutu kumuuliza Mwalimu baada ya maneno yangu ya jana?

Hakuja. Tulishinda arobaini na moja kwa arobaini. Nahodha alirusha sekunde za mwisho, mpira ukagonga ringi mara mbili, ukafikiri, ukaingia. Watu walimwagika uwanjani, wakakanyagana. Mimi nilibaki nimekaa, na koti langu limefungwa zipu mpaka shingoni.

Kisha afisa elimu akapewa kipaza sauti. Ningekuwa na uwezo ningemnyang'anya. Alikuwa amesikia kwa mtu kisa cha kwaya, na akatangaza kwa sauti ya kutetemeka kwamba leo tumeshuhudia somo kuu: mwalimu shujaa amemwacha nyota wake benchi siku ya fainali, ili kufundisha kwamba hakuna mkubwa kuliko timu. Wazazi wakalia. Mama yangu pia alilia, ingawa nadhani yeye alilia kwa sababu nyingine. Na Mwalimu, pale alipokuwa, akageuka kuniangalia. Mdomo wake ulifunguka kidogo. Halafu akaufunga.

Tangu siku hiyo mimi jina langu ni Benchi. Si utani. Sokoni, kanisani, msikitini, kwenye kituo cha umeme nilikoajiriwa kwanza: Benchi. Mume wangu alinitongoza kwa kuniambia, "Kumbe wewe ndiye yule Benchi?" na bado nikamkubali, ujue jinsi nilivyokuwa nimechoka. Walimu wa shule tatu tofauti walinitumia kama mfano wa binti mwenye majivuno aliyenyooshwa. Mwanangu mwenyewe alirudi siku moja na daftari la uraia, ndani yake kuna kisa changu. Na Mwalimu akawa mtu mkubwa. Aliitwa kwenye semina. Alisimama mbele ya watu akaeleza pembe ya kurusha mpira wa adhabu, nyuzi hamsini na mbili, nao wakaandika kwenye madaftari yao kwamba ni mafumbo.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Kwa nini hukuniingiza? Mwenyewe alikuwa mjini, nyumba yake naijua, na kila mwaka nilisema mwaka huu nitamuuliza. Nilitengeneza taa za mtaa wake wote, nyumba yake nikairuka.

Halafu, Mwalimu akiwa bado hai, Nahodha akanipigia simu. Yeye sasa ndiye mkuu wa shule, bado mpole, lakini upole wa mtu mwenye funguo. Uwanja umesawazishwa, akasema, umewekwa ringi mpya, na Jumamosi utapewa jina la Mwalimu. Ukutani imeshaandikwa HAKUNA MKUBWA KULIKO TIMU. Kutakuwa na mechi ya mabinti wa zamani dhidi ya wanafunzi. Na mimi nimeombwa kutoa hotuba fupi kuhusu lile somo.

"Somo gani?" nikauliza.

"Benchi, mwenzangu," akasema, "unalijua."

Alhamisi mchana nikaenda kwa Mwalimu. Nilibeba kisanduku cha vifaa, kwa sababu mtu mwenye hasira akienda mikono mitupu anajulikana. Alikuwa na miaka sabini na miwili, amenyauka, amekaa karibu na dirisha na blanketi magotini. Mama Mwalimu alikuwa kwenye cherehani yake palepale sebuleni, anakunja pindo la pazia. Wakafurahi kuniona. Nikasema nimesikia swichi yao ina hitilafu. Hawakuwa wamemwambia mtu, lakini nyumba gani haina swichi yenye hitilafu? Nikazima umeme, nikaifungua swichi ya ukutani, na nikiwa nimewapa mgongo, bisibisi mkononi, nikauliza.

"Mwalimu. Siku ile ya fainali. Kwa nini hukuniingiza?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwambie," Mama Mwalimu akasema.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie habari ya soksi."

Nikageuka. Yule mzee alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya blanketi, kama mwanafunzi asiye na kazi ya nyumbani.

"Asubuhi ya fainali nilifua," Mama Mwalimu akasema mwenyewe, maana aliona mumewe hafiki. "Soksi zake za bahati. Nikapungukiwa kibanio kimoja. Nikachukua kimoja kutoka kwenye shati lake lililokuwa limetundikwa mlangoni, nikijua nitakirudisha. Nikasahau, mwanangu. Kilikuwa namba tisa."

Namba tisa nilikuwa mimi.

"Sikukiona shatini kushoto," Mwalimu akasema. "Sikukiona kulia. Nikajua uko kwenye mkanda. Nikajua umeshatolewa kwa faulo tano. Robo ya mwisho nilikutafuta, binti, tulikuwa nyuma pointi sita, nikapapasa shati lote. Nikasema, huyu mtoto na magoti yake yasiyokunjika, faulo zimemmaliza mapema."

"Mwalimu, nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka kwako!"

"Nilikuwa naangalia shati."

Miaka ishirini na mitatu. Nimeitwa Benchi mbele ya mwanangu kwa sababu ya soksi. Niliona joto linanipanda kutoka miguuni, na kwa urefu wangu huo ni mwendo.

"Na ulijua lini?"

"Pale afisa elimu alipokuwa anahutubia, nikakuona umekaa umevaa koti. Sababu niliijua jioni, nilipokwenda kuanua nguo. Nikasema nitakwambia Jumatatu." Akavuta blanketi. "Jumatatu zikawa nyingi. Lakini sikuwahi kusema uongo. Hata semina moja sikusema kwamba nilikusudia."

"Hukuwahi kusema chochote!"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo hivyo. Nilikukosea. Niliogopa, halafu nikazoea, na kuzoea ni kubaya zaidi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa mtu kukubali. Nikabaki na bisibisi yangu. Ndipo akanitazama juu ya miwani, macho yale yale ya ubaoni.

"Na wewe," akauliza, "mbona hukusema?"

"Niseme nini?"

"'Mwalimu, mimi bado sijaingia.'"

"Nilikuwa nasubiri uniite."

"Dakika arobaini?"

Nikairudisha bisibisi kisandukuni.

"Ulikuwa na miguu na ulikuwa na mdomo," akasema. "Mdomo hasa."

Nikakusanya vifaa vyangu, nikatoka bila kuaga. Nilifika getini, nikakumbuka swichi iko wazi na nyaya zinaning'inia. Nikarudi. Hasira ni hasira, lakini umeme ni umeme. Nikaifunga swichi, skrubu zote mbili, nikawasha, nikajaribu taa. Nilipokuwa mlangoni kwa mara ya pili akaniita.

"Jumamosi useme ukweli, wote. Mimi nitakuwepo. Sitakimbia, hata ningetaka miguu haikubali."

Nikamsimulia Nahodha kwenye simu.

"Lakini rangi imeshakauka ukutani," akasema hatimaye.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Ukutani walikuwa wameandika majina yake kamili, yote matatu, na nusu ya waliohudhuria walikuwa wanaulizana huyo ni nani na kwa nini uwanja haukupewa jina la Mwalimu Vibanio. Mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari, amevaa shati jeupe, vibanio kumi na viwili vimepangwa kifuani. Vilikuwa vilevile, vyeusi kwa jasho na umri. Nilivihesabu. Namba tisa ilikuwepo.

Nikapewa kipaza sauti, nikasema yote: kamba ya nguo, soksi, mkanda, mita mbili. Nikasema mimi si mfano wa kitu chochote, mimi ni kibanio kilichopotea. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikadhani nimeeleweka. Kisha mgeni rasmi, afisa elimu wa sasa, akasimama akifuta machozi, akaomba kipaza sauti.

"Mmeona?" akasema. "Mmeona unyenyekevu huu? Baada ya miaka yote hii, yuko tayari hata kutunga hadithi ya soksi ili asijikweze! Hilo ndilo somo la Mwalimu!"

Makofi yakalipuka. Nikamtazama Mwalimu. Akajiinua kwa mikono miwili kutoka kwenye kiti, akasema kwa sauti yote aliyobaki nayo, "Ni kweli! Ni soksi! Mimi nilimsahau!" Mgeni rasmi akamwinamia kwa heshima, watu wakasimama, wakapiga makofi zaidi, na kuna mama nyuma yangu aliyesema, "Walimu wa siku hizi hawapo hivi." Mwalimu akanitazama, akainua mabega. Tulijaribu wote wawili. Wanaosema uongo una miguu mifupi hawajaona huu wetu ulivyokuwa unakimbia.

Basi tukacheza. Mabinti wa zamani tulikuwa kumi na wawili, wastani wa umri arobaini na wastani wa magoti mabovu moja na nusu. Mwalimu akapanga watano wa kwanza. Mimi benchi, kama pilipili, sawa. Wanafunzi wakatufanyia vitu ambavyo sitavieleza hapa, kwa heshima ya wake za watu. Robo ya pili akaingia dereva wa lori. Akaingia daktari wa macho. Mapumziko, Mwalimu akazungumza kuhusu pembe. Robo ya tatu ikaanza na kuisha. Nilikuwa nakiona kibanio changu kutoka nilipokaa, upande wa kushoto, kimening'inia peke yake. Mwalimu alikuwa anatazama mchezo mdomo wazi, kama mtoto kwenye dirisha la duka.

Nikahisi kununa kunanipanda. Kulikuja kwa njia ileile, kunazijua ngazi zote. Mikono ikajikunja kifuani yenyewe. Kidevu kikainuka. Nikajisikia nasema moyoni, kwa maneno yaleyale ya miaka kumi na saba: sitamwomba mtu.

Mwanangu alikuwa ukutani na wenzake, ananitazama.

Zilikuwa zimebaki dakika nne. Nikasimama. Kutoka pale mpaka kwenye kile kiti ni hatua tano, na sijawahi kutembea mbali hivyo. Nikainama. Ilibidi niiname sana, goti likalia kama mlango, mpaka mdomo wangu ukafika kwenye sikio lake.

"Mwalimu," nikasema, "mimi bado sijaingia."

Akashtuka. Akapapasa shati, kulia kwanza, kisha kushoto, akakigusa kibanio kwa kidole. Halafu akaliacha shati. Akainua uso, akaniangalia mimi, muda mrefu kiasi kwamba refa alitukodolea macho.

"Nilikuwa nasubiri useme," akasema.

Sijui kama ni kweli. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa, na ningeweka dau kwamba alikuwa amenisahau tena. Safari hii sikuuliza.

Akakichomoa kibanio. Akakosa shati lake upande wa kulia mara mbili, akakata tamaa, akakibana kwenye jezi yangu mwenyewe, begani.

"Refa!" akaita. "Mabadiliko! Anaingia—"

Nikajua atasema namba tisa. Nikajua, kwa mtu yule, hata hiyo ni nyingi. Lakini alivuta pumzi, akalisema jina langu. Langu, la baba yangu na la babu yangu, yote matatu, kwa mpangilio, bila kukosea, kwa sauti iliyofika mpaka mlango wa choo cha tatu.

Nusu ya uwanja ikaanza kuulizana huyo ni nani. Nikaingia.